Jinsi nilivyoanzisha klabu ya kuonja mvinyo wa Dodoma kwa mtandao

Marafiki niliozoea kunywa nao mvinyo wametawanyika: wengine Mwanza, wengine Arusha, mimi nimebaki Dar es Salaam. Niliwapigia simu na ombi moja. Tununue chupa zilezile, tuonje usiku mmoja, kila mtu kwake, simu ikiwa mezani.

Sharti la chupa zilezile ndilo linaloibeba klabu. Watu wakinywa vitu tofauti, kila mmoja husifu cha kwake na mazungumzo hufa. Mwenzetu anayeishi Dodoma ndiye mnunuzi. Tunamtumia michango kwa simu, anachagua aina tatu, anazifungasha kwa magazeti na maranda, kisha anazipakia kwenye mabasi. Kila chupa huivika karatasi ya kaki yenye namba, lebo isionekane. Hilo nililisimamia kwa nguvu, hasa usiku tulipoweka Chenin Blanc (mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo) ya Dodoma kando ya ile ya Afrika Kusini. Lebo ya kigeni ingeonekana, sifa zingetangulia ulimi.

Anayeonja anahitaji kama mililita 50 tu, kwa hiyo chupa ya mililita 750 inatosha nyumba nzima ya watu wazima. Kwa joto la Dar, hata mvinyo mwekundu tunauweka kwenye friji nusu saa. Ukiwa wa vuguvugu, pombe hupanda puani na harufu ya tunda hupotea.

Zoom isiyolipiwa hukatika baada ya dakika 40. Zinatutosha, ingawa dakika za kwanza hatusemi. Tunanusa, tunaonja, tunaandika, ndipo tunasomeana. Mwenye sauti kubwa asipowahi kusema, wengine huandika walichohisi kweli.

Kabla ya kikao cha kwanza niliwaomba wote waonje maji ya ndimu, wazijue dalili za uchachu, kisha chai ya rangi nzito bila sukari, wausikie ukakasi unavyokausha ufizi. Dada mmoja wa Arusha, aliyekuwa akisema hana ulimi wa mvinyo, alionja mwekundu wa zabibu ya Makutupora, aina inayolimwa Dodoma, akaandika: “Ukwaju, zambarau iliyoiva sana, halafu mwishoni ile chai.” Wote tukarudi kwenye glasi zetu, na zambarau ilikuwapo.

Kikao ninachokithamini kuliko vyote ni kile tulichomwalika mkulima wa zabibu wa Hombolo. “Shikamoo mzee,” tulimwamkia kila mmoja kwa zamu, naye akatuonyesha shamba kwa kamera ya simu ya mjukuu wake. Alitueleza kwamba Dodoma mzabibu haulali kama wa Ulaya kwenye baridi. Mkulima akipogoa, unachipua upya, ndiyo maana wanavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu hivi na tena mwezi wa nane au wa tisa. Zabibu za masika husumbuliwa na ubwiri, ugonjwa wa ukungu, kwa sababu ya unyevu. Za kiangazi huiva vizuri juani na sukari hupanda.

Maswali yalikuwa mengi hata tukafungua kikao cha pili usiku uleule. Sasa mnunuzi wetu anaulizia viwandani kama kuna mvinyo uliotengwa kwa msimu, wa masika peke yake na wa kiangazi peke yake. Akiupata, kaki namba moja na namba mbili zitakuwa hizo.