Wale wawili wa Arabuko

Juzi usiku bundi alilia juu ya mwarobaini wa jirani hapa Barani, Malindi, sijavaa hata ndara jirani kashatoka na mawe, na mwanangu ananiuliza, baba, kwani nani atakufa? Hapo ndo nikakumbuka Arabuko-Sokoke, ule msitu wetu wa pwani ya Kenya.

Enzi hizo nilikuwa nabebea wageni darubini na maji. Siku hiyo nilikuwa na dada mmoja wa Nairobi, anazunguka Kenya nzima kutafuta ndege, katoka Kakamega, katoka Baringo, na nchi hii ina aina zaidi ya 1,000 kwa hivyo kazi haishi, lakini aliyemnyima usingizi alikuwa huyu wa kwetu, bundi mdogo wa Sokoke. Dunia nzima yuko misitu hii ya kwetu na Usambara Mashariki kule Tanzania, basi. Wataalamu wenyewe walimpa jina mwaka 1966 tu.

Tukaingia upande wa Gede mapema. Mzee wa Kigiriama aliyetuongoza akatuacha njiani kwenye ule mchanga mwekundu, akazama vichakani peke yake, tukakaa weee na mbu wetu, mara akatokea anatuita kwa kidole, kimya.

Tukatambaa. Anaonyesha, naangalia, sioni kitu, miiba na majani makavu tu. Akanishika kichwa polepole akakigeuza, na hapo gome la mti likafungua jicho. Jicho la manjano. Walikuwa wawili wamebanana kwenye tawi, mmoja rangi ya kutu mwenzake kijivu, kimo sentimita 16 hivi, usawa wa kifua changu, ningenyoosha mkono ningewagusa. Nimekuzwa nikiambiwa huyu ni mjumbe wa mauti, na wallahi moyo ulikuwa unanidunda, hofu ya utotoni haikuulizi umri, lakini macho sikuweza kuyatoa. Yule wa kutu akatuangalia, akafumba jicho taratibu, akamwegemea mwenzake, akalala. Watu wazima watatu tumepiga magoti mbele yake, yeye kalala! Yule dada machozi yanamtoka, hata picha hakupiga.

Mzee akatuondoa upesi, wakisumbuliwa wanahama. Kurudi Malindi, malipo, matatu, hayo yote yalipita tu.

Usiku nikamwambia mama. Akaniamrisha nikaoge kwanza nisome Ayatul Kursiy, nikafanya. Tuko kwenye wali akauliza, "Anakula nini huyo?"

"Wadudu, mama."

Akatafuna kidogo. "Kumbe naye ana kazi yake."

Mpaka leo hataki bundi karibu na nyumba yake, na mimi nikisikia mlio usiku bado nashtuka. Ila kila nikitoka msituni yeye ndo wa kwanza kuuliza kama wale wawili bado wapo, na kwa jinsi miti ya mle inavyokatwa kwa siri, mbao huku vinyago kule, si kila mara nina jibu la kumpa.