Kwa nini sijapasuliwa mgongo, na lini nitakubali kupasuliwa

Diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, imechomoza kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno changu na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguu wa kushoto. Hilo halina ubishi, picha ya MRI ninayo nyumbani. Daktari wa kwanza alitaka nipasuliwe haraka. Wa pili aliniambia kuna nafasi ya kusubiri huku nikifanya mazoezi. Ndugu zangu walitaka niende India. Naandika jinsi nilivyopima maneno yao wote, maana madereva wenzangu wengi wa Tororo na Malaba, huku mashariki mwa Uganda, wanalala na maumivu haya haya, na wanachosikia ni mambo mawili tu: meza dawa au pasuliwa.

Kazi yangu ni kupakia saruji Tororo na kuipeleka kaskazini: Mbale, Soroti, Lira, Kamdini, Gulu, mpaka Elegu mpakani na Sudan Kusini. Kiuno kiliniuma miaka mingi kabla ya haya, yale maumivu ambayo karibu kila dereva wa trela anayo. Unakaa saa nyingi gari likikutikisa, na ukifika unaruka kutoka juu, unavuta turubai, unakaza kamba. Niliishi nayo. Kilichobadilisha maisha yangu ni mguu. Niliamka garini Lira nikahisi umeme unatoka takoni, unapita ubavuni mwa paja, unashuka na muundi hadi juu ya unyayo, na kidole gumba cha mguu kina ganzi. Hata kukohoa kulitosha kuuwasha. Kusimama kulikuwa na nafuu kidogo, kulala kwa ubavu vilevile. Kuketi ndiko kulikoniua, na mimi nakula kwa kuketi.

Kliniki za njiani zina dawa moja: sindano ya diklofenaki, ile ya kutuliza maumivu, mara nyingine na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, juu yake. Inatuliza, siwezi kukana, lakini kwa siku moja mbili tu. Diklofenaki ya kila wiki inachubua tumbo, inapandisha presha na kuumiza figo. Isitoshe, sindano ya takoni ikichomwa mahali pasipofaa inaweza kuharibu mshipa uleule unaokuuma. Nilipoelewa hivyo niliacha kuzifuata.

Hospitali moja ya binafsi ndiyo iliyonipiga ile picha. Daktari aliisoma mbele yangu: diski zimekauka, pingili zimechakaa, moja imechomoza. Akasema suala ni kuzifunga pingili kwa skrubu, na tusichelewe. Hakunigusa mguu. Gharama aliyoiandika ingemeza kiwanja changu na bado ingebaki njaa. Nilitoka pale nikitembea kwa hofu, kila hatua nikidhani mgongo utavunjika.

Daktari wa pili, bingwa, nilimwona Mulago, hospitali kubwa ya serikali kule Kampala, baada ya kusubiri sana kwenye benchi. Bahasha ya picha aliiweka kando bila kuifungua, akaanza maswali. Napata homa? Natoka jasho usiku? Nimepungua uzito? Nina kikohozi, au nimeishi na mtu mwenye kifua kikuu? Aliniambia kifua kikuu hakiishii mapafuni, kinaweza kukaa kwenye pingili za mgongo na kuzila taratibu, na hapa kwetu daktari asiyekifikiria anakosea. Aliposikia kwamba nikipita Soroti nakunywa maziwa mabichi, akaandika na kipimo cha brusela, ugonjwa wa mifugo ambao nao huingia kwenye mgongo wa binadamu. Akauliza kama mkojo unatoka vizuri, kama choo nakizuia, na kama kuna ganzi sehemu zile ninazokalia. Sikuwa na dalili yoyote ya hatari. Vipimo vya damu vilirudi salama.

Kisha akanilaza, akauinua mguu wangu ukiwa umenyooka. Haukufika hata nusu ya njia, nikapiga kelele. Akanigonga chini ya magoti na nyuma ya visigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Akanitembeza kwa ncha za vidole, halafu kwa visigino. Mwisho akaweka kidole chake juu ya kidole gumba changu cha mguu, akasema, "Mzee, inua, usikubali nikushinde." Nikainua. Akasukuma chini kwa nguvu na kidole hakikuanguka. Akajaribu na mguu wa kulia, akalinganisha.

"Mshipa umebanwa, lakini bado unafanya kazi," akaniambia. "Ungekuwa umelegea, leo tungezungumza mengine."

Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo naona kila mgonjwa wa mgongo angemuuliza mpasuaji wake: "Daktari, ukinipasua, utaniondolea maumivu gani?"

Jibu lake lilikuwa wazi. Maumivu ya mguu, kuna matumaini makubwa. Maumivu ya kiuno, hawezi kuahidi. Mguu unauma kwa sababu kipande cha diski kimekaa juu ya mshipa, na kipande kinaweza kuondolewa. Kiuno kinauma kwa sababu nyingi zilizochanganyika: misuli, viungo vya pingili, uchovu, usingizi mbovu, hofu. Kisu hakina mahali pamoja pa kukata. Akanieleza pia kwamba kuondoa kipande cha diski na kufunga pingili kwa skrubu ni operesheni mbili tofauti kabisa, ingawa mitaani zote zinaitwa "kupasuliwa mgongo". Ile ya kwanza ni ndogo zaidi, na kwa tatizo la mguu kama langu ndiyo ambayo angeifikiria. Ya skrubu ina kazi yake, kwa mfano pingili inapoteleza au inapovunjika, na mimi sikuwa na lolote kati ya hayo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2005 uliwalinganisha watu wenye maumivu sugu ya kiuno, wengine wakifungwa pingili na wengine wakipewa mpango mzito wa mazoezi, na haukuona ushahidi wa wazi kwamba waliofungwa walinufaika zaidi.

Hatari nazo hakuzificha. Kidonda kinaweza kuingia wadudu, utando unaofunika mishipa ya fahamu unaweza kuchanika, na hata kazi ikienda vizuri, kuna watu ambao diski ileile huchomoza tena baadaye.

Kuhusu yale maneno ya kutisha kwenye ripoti, alinipa takwimu ambazo zilinishusha presha. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye miaka 20, watu 30 katika kila 100 walikuwa na diski iliyotokeza. Kwa wenye miaka 80 walikuwa 84. Kwa hiyo picha peke yake haimpeleki mtu chumba cha upasuaji, lazima ikubaliane na kile mguu wenyewe unachosema. Yangu ilikubaliana na mguu. Kule kukauka na kuchakaa kulikosomwa kwa sauti ya msiba ni kama mvi tu.

Jambo lililonipa moyo wa kusubiri bila kujiona mzembe ni utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007. Watu 283 wenye maumivu makali ya mguu yaliyodumu wiki 6 hadi 12 waligawanywa: wengine wapasuliwe mapema, wengine watibiwe bila kisu kwanza. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, na kwa mtu asiyelala usiku hilo si dogo. Lakini mwaka ulipotimia, pande zote mbili watu 95 katika kila 100 walisema wamepona. Nimeambiwa pia nusu ya pili ya habari, ambayo wanaopinga upasuaji huiruka: kati ya walioanza kwa kusubiri, 39 katika kila 100 waliishia kupasuliwa, kwa sababu maumivu hayakuwaachia. Kusubiri si ahadi ya kupona. Ni jaribio lenye nafasi nzuri, kwa kuwa mwili wenyewe mara nyingi hukila kile kipande cha diski na kukipunguza, na vipande vikubwa vilivyochomoka kabisa ndivyo mara nyingi hupungua zaidi. Mimi nilidhani ni kinyume.

Nisieleweke kwamba nakataa kisu. Kuna Hajji mmoja wa Malaba, dereva mwenzangu wa siku nyingi, ambaye hali yake ilikuwa tofauti na yangu. Kandambili ilikuwa inamtoka mguuni akitembea na yeye hana habari, mpaka mtoto amkimbilie nayo nyuma. Unyayo haukuinuka. Kwake mshipa ulikuwa unakufa, na kila wiki ya kungoja ilikuwa inamnyang'anya kitu. Alipasuliwa, kipande kikatolewa, na maumivu ya mguu yakaondoka upesi. Nguvu za unyayo zilirudi polepole, na mpaka leo hazijatimia, lakini anaendesha gari. Angefuata njia yangu angekuwa kilema.

Nyumbani tulikaa kikao. Baba mdogo alisema tuuze kiwanja, ukoo uchange, niende India. Alisema kwa mapenzi na sikumkatiza. Hapa Uganda bima ya afya ya taifa hatuna. Hospitali za serikali ziliondoa ada mwaka 2001, lakini picha kama hizi na vifaa vingi mgonjwa huishia kujinunulia, ndiyo maana ugonjwa mmoja unaweza kulimaliza shamba. Mama watoto ndiye aliyeuliza lililokata mjadala: "Tukiuza, akapasuliwa, akarudi kwenye usukani uleule na turubai lilelile, tutauza nini mara ya pili?" Baba mdogo akanyamaza, kisha akasema basi tuanze na hilo la mazoezi, lakini liwe la kweli.

Likawa la kweli. Mtaalamu wa fiziotherapia wa Mbale, dada mdogo mwenye mikono migumu, alinilaza kifudifudi kwenye mkeka, akaniagiza niinue kifua kwa mikono huku kiuno kimelegea. Mara za kwanza umeme ulikuwa ukirukia unyayoni. Tuliendelea taratibu, akiniuliza kila mara, "Kaka, sasa yako wapi?" Yalikuwa muundini. Siku nyingine yakawa pajani. Alifurahi kuliko mimi, akanieleza kanuni ambayo nimeishika: maumivu yakipanda kurudi kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi, endelea, yakishuka kuelekea unyayoni, acha zoezi hilo. Si kila mgongo unataka zoezi hili, wengine linawazidishia, ndiyo maana sitoi orodha ya mazoezi hapa. Tafuta mtu akuangalie kwanza.

Alinivua na mkanda wa kiuno niliouziwa Kampala. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno: linapendekeza mgonjwa aelimishwe na afanye mazoezi, na halipendekezi mikanda, wala kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya mofini. Ngumu kuliko yote ilikuwa kuamini kwamba kuumwa na kuumia ni vitu viwili. Nilipoanza kutembea kila jioni barabara inayoelekea mwamba wa Tororo, kiuno kiliuma na hakikuvunjika. Usingizi ulirudi kabla ya nafuu yenyewe.

Kazini nimebadilisha mengi. Pochi imetoka mfuko wa nyuma. Kiti nimekisogeza mbele ili nisinyooshe mguu kutafuta klachi. Nashuka kwa ngazi nikiwa nimeukabili mlango, siruki. Nasimama Mbale, Soroti na Lira, natembea kulizunguka gari hata kama tajiri, mwenye gari, anapiga simu. Turubai na kamba ni kazi ya taniboi, msaidizi wangu garini, na nampa kitu kutoka posho yangu kwa sababu kazi yake imeongezeka.

Miezi imepita. Mguu umetulia, umeme umebaki takoni na haunijii kila siku. Kidole gumba bado kina ganzi kidogo. Kiuno kinauma nikimaliza kipande cha Kamdini hadi Elegu, na nadhani kitaendelea kuuma nikiendelea na kazi hii, kwa hiyo naongea na tajiri anipe njia fupi ya Mbale na Soroti hata kwa mshahara mdogo.

Na daktari wa Mulago tumekubaliana mambo. Kila asubuhi natembea kwa visigino kutoka kitandani hadi mlangoni. Siku unyayo utakaposhindwa kuinuka, narudi kwake wiki hiyohiyo. Mkojo ukikataa kutoka, choo kikinitoka bila kujua, ganzi ikaingia sehemu za siri au miguu yote miwili ikalegea, hapo si habari ya wiki: naenda hospitali kubwa usiku huohuo, kwa kuwa mishipa ile ikikaa imebanwa kwa muda inaweza isirudi tena. Na mguu ukirudia ukali wake wa mwanzo, mazoezi yakashindwa, nitapasuliwa, operesheni ile ndogo ya kutoa kipande, bila skrubu. Mama watoto anajua, baba mdogo anajua. Fedha ya kazi hiyo tumeanza kuiweka SACCO kila mwisho wa mwezi, na kiwanja bado ni chetu.