Walitangaza mapema, nikapata muda wa kujipanga

Jumanne ya tarehe 28 Februari 2023 nilikuwa kwenye cherehani napinda sketi ya shule, kaka yangu akanitumia picha kwenye WhatsApp bila neno lolote. Uwanda wa majani ya rangi ya dhahabu, mtu mwenye nywele ndefu amepanda mnyama wa pembe, na kwa mbali mti mkubwa umejikunja ndani ya ukungu. Chini yake jina: Shadow of the Erdtree. FromSoftware, kampuni ya kutengeneza gemu, walikuwa wametangaza kwamba wanaitengenezea gemu yao ya Elden Ring nyongeza, yaani sehemu mpya inayouzwa kando. Tarehe hakuna, bei hakuna, video hakuna. Niliikazia macho ile picha mpaka mteja akanishtua, "Fundi, vipi sketi yangu?"

Wachezaji wengi hawapendi matangazo ya namna hii. Kaka yangu ni mmoja wao. Yeye anasema kitu kikiwa tayari ndipo kitajwe, kuliko kuwaweka watu roho juu mwaka mzima. Mimi naona tofauti, na sababu ni namna hela inavyoniingilia. Nashona Tanga. Januari kuna sare za shule, Ramadhani kuna nguo za Idi, katikati kuna harusi zikijaliwa. Miezi iliyobaki nabadilisha zipu na kupunguza viuno vya suruali. Mwenye mshahara anaweza kununua gemu siku ileile inapotoka. Mimi nikiambiwa leo kwamba kitu kinatoka kesho, nimeshakikosa.

Kwa hiyo nilianza mapema, na nashukuru, maana kumbe nilikuwa na tatizo nisilolijua. PS4 yangu, mashine ya kuchezea gemu, ilishatumika na mtu mwingine, kaka aliinunua Kariakoo pamoja na diski ya Elden Ring. Duka la mtandaoni la PlayStation halina Tanzania kwenye orodha ya nchi zake, hivyo wengi wetu tunafungua akaunti kwa nchi nyingine. Yangu ilikuwa ya Marekani. Nilipokwenda kwa kijana anayeuza gemu mjini kumuuliza jinsi ya kulipia nyongeza, jambo la kwanza aliniambia, "Dada, kesho njoo na kava la diski."

Nikampelekea. Akaligeuza, akanionyesha ubavuni namba inayoanza na CUSA, kisha mbele, pembeni chini, kialama chenye namba 16. "Hii alama ya umri ni ya Ulaya. Diski yako ya Ulaya, akaunti yako ya Marekani. Ukinunua nyongeza kule Marekani, diski hii haitaitambua."

Nilikaa kwenye benchi lake kwanza. Ningesubiri mpaka siku yenyewe, ningelipa kwa pupa na hela ingekwenda bure. Alinielekeza vizuri, Mungu ambariki: nifungue akaunti ya pili, ya Uingereza, kwenye mashine ileile, niiwashe kama ndiyo mashine kuu ya akaunti hiyo. Kitakachonunuliwa huko kitafunguka hata nikiwa kwenye akaunti yangu ya zamani, na yule mhusika niliyehangaika naye zaidi ya saa 100 hatapotea.

Vocha za duka hilo, za pauni 10, nilikuwa nanunua mojamoja. Ya kwanza Mei, ya pili baada ya sare za maharusi, ya tatu Januari 2024. Kila nikipata namba zake naziingiza kwenye akaunti papo hapo, hela isiniwashe mkononi. Video ilipotoka tarehe 21 Februari 2024 ikiwa na tarehe, 21 Juni, miezi minne kamili mbele, na bei ya Uingereza ni pauni 34.99, tayari nilikuwa na 30. Ramadhani ikaingia Machi. Nikapokea kanzu na madera kuliko mwaka wowote, nikashona mpaka daku, na vocha ya nne ikatoka kwenye malipo ya nguo za Idi.

Kazi nyingine ilikuwa ndani ya gemu. Nyongeza haifunguki mpaka umewaua mabosi wawili, yaani maadui wakubwa, Radahn na Mohg. Radahn nilishammaliza. Mohg nilikuwa namkwepa, kwa kuwa katikati ya pambano anainua mkuki wake na kupiga kelele "Nihil!" mara tatu, kila mara anakunyonya damu na yeye anapona. Dawa yake ni chozi moja la kutakasa unaloliweka kwenye chupa ya mchanganyiko. Nililipata kwenye kanisa bovu huko Altus, eneo mojawapo ndani ya gemu. Lakini ukilinywa mapema linaisha nguvu, ukichelewa umekufa. Mtoto wa kaka, aliyekuja likizo, alikaa pembeni yangu akitazama uhai wa bosi unavyopungua, na jioni ya tisa akapiga kelele, "Shangazi, kunywa sasa!" Nikanywa. Mohg akaanguka dakika chache baadaye na sisi wawili tukawaamsha majirani.

Sisemi kila tangazo la mapema ni zuri. Nyongeza ya gemu nyingine, Cuphead, ilitangazwa Juni 2018 ikaahidiwa 2019, ikatoka 30 Juni 2022. Silksong nayo ilianza kama nyongeza ya gemu ya Hollow Knight, ikatangazwa Februari 2019 kuwa gemu kamili, na imefika Septemba 2025. Katika hizo mbili, iliyoniuma ni ya Cuphead, kwa sababu niliutegemea mwaka waliotaja. Mtu kama mimi akitajiwa mwaka anaweka hela, mwaka ukihama hela inaingia kwenye kodi ya fremu. FromSoftware walisema tu kwamba kazi inaendelea, wakakaa kimya karibu mwaka mzima, na walipotaja siku hawakuihamisha. Hivyo ndivyo ningependa wote wafanye.

Tarehe 21 Juni iliangukia Ijumaa, siku chache tu baada ya Idi Kubwa. Wateja walikuwa wameshachukua nguo, deni halikuwepo. Nilinunua bando la usiku, nikaweka simu dirishani pale mtandao unaposhika vizuri, nikaiacha mashine ipakue huku nasali na kupiga pasi oda za Jumamosi. Umeme haukukatika.

Karibu saa tisa usiku ilimaliza. Nikaenda mpaka kwenye kile kifuko alipokuwa Mohg, unaning'inia mkono uliokauka, nikaugusa. Giza. Kisha majani yale ya dhahabu yakafunguka mbele yangu, makaburi yaking'aa hafifu ndani yake, na mti kule mbali umejikunja vilevile. Nilimwita farasi, nikashika upande anaoutazama yule mtu wa kwenye picha.