Namna nilivyookoa maharage ya nazi yasiyo na ladha

Nikisikia tena mtu ananiambia "ongeza chumvi," nitamkabidhi sufuria apike yeye.

Maelekezo niliyapata kwenye simu, ya mama mmoja wa pwani, na picha yake ilijaza mate mdomoni. Nikanunua tui la kopo, ambalo hapa Goma si bei ya mchezo. Kwa pesa ile ningepata maharage ya wiki nzima. Mama alisema: chemsha saa moja, kisha tia kitunguu, nyanya na tui kwa pamoja, acha yatokote. Saa moja labda kwao baharini! Sisi tuko juu, mita 1,500 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu, na maharage makavu yanakuchekelea. Ni kuongeza maji, kuongeza makala (makaa), na maji tena. Mwishowe nikapata mchuzi mweupe, mtamu-mtamu, unaonuka kitunguu kibichi. Watoto walikula bugali peke yake.

Nikaongeza chumvi kama nilivyoshauriwa. Ladha hakuna, ila sasa kiu ipo. Shemeji naye: "Shemeji, tia kibonge cha supu, yaishe." Nikatia. Wapi!

Kesho yake nikawasha mbabula, jiko letu la makala, upya. Nilichota pawa mbili za maharage, nikayaponda yakawa uji mzito. Mawese kidogo, kitunguu mpaka kikawa kahawia kweli, si kulainika tu. Nyanya mpaka mafuta yakajitenga pembeni. Hapo ndipo binzari, maana viungo hutoa harufu kwenye mafuta, si kwenye maji. Halafu ujanja wenyewe: konzi ya sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, nikawakaanga bila mafuta mpaka wakavunjika vidoleni, nikatupa vichwa (vina uchungu), nikawatwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu. Unga ule, jirani aliunusa kwake akauliza ninapika nini. Sambaza mwenyewe ni mgeni Kivu, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, kwa hiyo nazi hakuionea haya.

Vyote nikavirudisha kwenye maharage, sufuria wazi ili maji yapungue. Shemeji akaongeza sahani, akajifuta mdomo: "Si nilikwambia kibonge kinafanya kazi?"

Ndimu nikakamua nikishaepua. Ukiitia maharage hayajaiva, yatabaki magumu hadi usiku. Na ukikosa sambaza, ndagala (dagaa) wanafaa, ila punguza chumvi.