Nilivyotengeneza waini ya kuongezewa spiriti: zabibu zilezile, madumu mawili

Mi nilitaka kuelewa kwa nini port ni tamu na sherry ya fino ni kavu kabisa wakati zote mbili ni waini iliyoongezewa spiriti ya zabibu. Nikaona njia nzuri ni kutengeneza mwenyewe, yaani nichukue zabibu zilezile na hamira ileile, nigawe kwenye madumu mawili, alafu kitu kimoja tu ndo kitofautiane: muda wa kumwaga spiriti.

Karibu kila kitu kiko hapo. Hamira inakula sukari inatoa kilevi na gesi, kilevi kikifika asilimia 16 au 17 hivi hamira nyingi zinashindwa kuishi. Kwahiyo ukimwaga spiriti mapema hamira inakufa na sukari bado imo, unapata waini tamu. Ukisubiri imalize sukari yote unapata kavu, utamu kama unautaka utauongeza baadae. Kule Douro, Ureno, inakotoka port, wanamwaga wakati sukari imebaki kama nusu na waini inafikia asilimia 19 mpaka 22, kule Jerez, Hispania, inakotoka sherry, zabibu ya Palomino inaachwa ichache mpaka mwisho ndo wanaongeza.

Bila haidromita (kifaa cha kupima uzito wa juisi, unaoshuka kadri sukari inavyoliwa) usianze hii kazi, kukisia kwa ulimi hakufai. Juisi yangu ilisoma 1.090 mwanzoni. Dumu la kwanza nilipanga kulikata, yaani kulimwagia spiriti, ikifika 1.045, hapo kilevi kiko kama asilimia 6, na ikishaanza kuchacha vizuri namba zinashuka haraka kwahiyo nilikuwa napima mara nyingi, hata usiku naamka. Kikubwa kwa mtindo wa port ni kwamba muda ni mfupi sana, waini nyekundu ya kawaida inakaa na maganda wiki nzima au zaidi lakini hii siku mbili tatu tu, na ndani ya muda huo lazima utoe rangi na ukali wote wa maganda. Ndo maana kule Douro watu wanaingia kwenye yale masinki makubwa ya mawe yanaitwa lagares wanakanyaga zabibu kwa miguu, si mapambo yale, mguu unaponda ganda bila kuvunja mbegu na mbegu ikivunjika inatoa uchungu mbaya. Mi nilikanda kwa mikono, nakandamiza maganda yarudi chini kila yanapopanda juu, na rangi ilitoka nzito kweli.

Sasa spiriti. Hapa ndo nilijifunza zaidi kuliko kote. Brandi ya kawaida ina asilimia 40, ukipiga hesabu kutoka 6 kwenda 18 unakuta kwa kila lita 22 za waini unahitaji lita 12 za brandi! Hiyo tena si waini, tunda lote linapotea na utamu unapungua. Hesabu yenyewe rahisi, chukua nguvu unayotaka toa nguvu ya waini (18 toa 6, ni 12), hayo ndo mafungu ya spiriti, alafu nguvu ya spiriti toa nguvu unayotaka (40 toa 18, ni 22), hayo ndo mafungu ya waini. Wareno wanatumia spiriti ya zabibu ya asilimia 77 kwahiyo inaingia kama sehemu moja kwa nne za waini, tunda linabaki. Mi nilitafuta spiriti ya zabibu ya kunywa yenye asilimia 60, ikawa lita 2 kwa lita 7, hiyo inakubalika. Na tafadhali sana, usikeneke mwenyewe nyumbani na usiguse spiriti ya viwandani au ya kusafishia vidonda, ile inaua na inapofusha, nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya kunywa.

Nilichuja maganda kwanza ndo nikamwaga, alafu nikakoroga kwa muda mrefu, kwasababu spiriti ni nyepesi inakaa juu na huku chini hamira zinaendelea kula sukari yako kama hakuna kilichotokea. Baada ya hapo nikapima kesho yake na keshokutwa, namba ikasimama. Nilifurahi mno.

Dumu la pili halina mambo mengi, niliiacha imalize mpaka ikafika karibu asilimia 12 na nusu, kavu, nikaongeza spiriti ileile lita 1 kwa lita 7 na nusu hivi ikafika 18. Hii ni njia ya oloroso, sherry nzito inayozeeka na hewa bila utando wa hamira, kwa upande wa nguvu. Fino siwezi kusema niliitengeneza, ile inaongezwa mpaka 15 au 15 na nusu tu ili utando wa hamira unaoitwa flor uweze kuota juu, na pipa halijazwi, linaachiwa nafasi ya hewa. Utando ule unaikinga waini isibadilike rangi na unaipa harufu ya mkate na lozi. Utando ukifa waini ikaanza kupata hewa inageuka amontillado, ambayo kwangu mimi ndo nzuri kuliko zote za Jerez, ina ukali wa fino na uzito wa oloroso kwa pamoja.

Baada ya miezi kadhaa nikagawa tena lile la kwanza. Chupa moja niliijaza mpaka juu, nyingine niliacha nafasi nikaweka na vipande vya mwaloni. Ile iliyojaa imebaki nyekundu na harufu ya matunda, ile yenye hewa imekuwa ya kahawia inanukia karanga na matunda makavu. Hapo ndo aina mbili za port, ruby (nyekundu) na tawny (ya kahawia), zinapoachana, waini ni moja, hewa ndo imefanya kazi. Ukiona tawny imeandikwa miaka 10 au 20 basi imekaa kwenye mapipa madogo muda mrefu, wakati vintage, port ya mavuno ya mwaka mmoja, inakaa kwenye pipa kama miaka miwili tu inamalizia uzee wake ndani ya chupa, ndo maana ina mashapo na inabidi uimimine taratibu.

Joto nalo nililijaribu, chupa ndogo ya lile dumu kavu niliiweka darini. Madeira, waini ya kuongezewa spiriti ya visiwa vya Madeira vya Ureno, ndo inavyofanyika, ama mapipa yanakaa sehemu za juu zenye joto kwa miaka, ama waini inapashwa nyuzi 45 mpaka 50 kwa miezi isiyopungua 3, na waliligundua hili zamani pale mapipa yaliyosafiri melini kwenye nchi za joto yalipoonekana yana ladha nzuri zaidi. Yangu imetoa harufu ya sukari iliyoungua wakati haina sukari kabisa.

Kuhusu kutunza baada ya kufungua, fino weka kwenye friji umalize ndani ya wiki, ruby wiki chache, tawny na oloroso mwezi mpaka miwili hazina shida, vintage siku mbili tatu tu. Madeira inakaa miezi na miezi, imeshapigwa joto na hewa kabla hujaifungua, hamna kitu kipya kitakachoiharibu.