Alhamisi ya kliniki ya kifafa, Busia

Saa 11 alfajiri

Alhamisi siamshwi na simu. Naamka mwenyewe, maana najua wapo watu ambao saa hizi wameshatoka majumbani kwao kwa miguu kuja kliniki. Mimi ni nesi wa afya ya akili katika kituo cha afya cha daraja la 4, wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Wagonjwa wetu ni Wasamia, Wateso, Wasoga, na wengine huvuka mpaka kutoka Kenya, kwa hiyo Alhamisi tunaongea Kiswahili kutwa nzima. Jina langu tu ndilo limebaki la Kiganda: musawo, yaani mganga.

Saa 1 na nusu

Mabenchi yameshajaa. Kila mtu kashika daftari la shule, ndilo faili lake. Likilowa mvua, historia yake yote imelowa. Kabla sijaita jina la kwanza huwa nazunguka nikiwasalimia na kuwatazama. Nani ana kovu jipya la moto? Nani kakaa peke yake mwisho wa benchi? Nani nikimsalimia anajibiwa na mama yake, ilhali ni mtu mzima?

Saa 2

Mafundisho ya asubuhi. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Mtu akianguka mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, mlete. Haya wanayajua, wananimalizia sentensi. Leo nikauliza jingine: nani hapa siku hizi anasahau sana? Nani moyo wake mzito hata siku ambazo hajaanguka?

Kimya. Halafu mzee mmoja wa nyuma akainua mkono. "Musawo, juzi nimesahau jina la mjukuu wangu. Na ni mimi niliyempa." Hakuna aliyecheka. Mikono mingine ikaanza kuinuka.

Saa 4

Huyu dada ndiye aliyenichukulia muda mrefu kuliko wote. Ni fundi cherehani sokoni. Nilifungua daftari lake nikakuta miezi 7 mfululizo: "Hajaanguka. Aendelee na dawa." Mwandiko ni wangu. Kila mwezi nilimpongeza, akashukuru, akaenda zake.

Nilipomvuta mkono kumpima presha nikaona namba zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Kiuno 34. Bega 15. Nyingine zimefutika kwa jasho. Nikamuuliza ni nini.

"Vipimo vya mteja, musawo. Nikishampima, kabla sijafika kwenye daftari vimeshatoka kichwani. Sasa naandika mkononi."

Akaniambia wiki iliyopita alikata gomesi, vazi la heshima la wanawake, ya mtu wa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwao, akaikata fupi. Mwenye kitambaa alimwita mlevi mbele ya soko zima. Tangu siku hiyo hajafungua cherehani. Analala mpaka saa 4 asubuhi, na akiamka hana hamu hata ya chai.

Nilimweleza ninavyoelewa. Kwa wengi, kifafa huanzia sehemu ya ubongo iliyo kando ya kichwa, usawa wa sikio, na hapo hapo ndipo ubongo unapoweka kumbukumbu. Hiyo ni moja. Ya pili ni dawa. Anakunywa fenobabitali, dawa iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912. Ni ya bei nafuu, mara moja tu usiku, na inazuia kuanguka kweli, lakini kwa wengine inapooza akili na kushusha moyo. Ya tatu ni huzuni yenyewe, kwa sababu mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, hasikii vizuri anachoambiwa, basi atakikumbuka vipi? Tafiti zimekuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye kifafa ana sonona. Mtu mmoja kati ya wanne, na mimi miezi 7 nauliza kuanguka tu.

Nilifunga mlango nikatoa karatasi ya maswali 6. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye kifafa, ikatolewa mwaka 2006, inauliza kuhusu wiki 2 zilizopita: kila kitu kimekuwa mzigo? Unajilaumu? Alama zikizidi 15 unatakiwa kumtazama mtu kwa makini zaidi. Zake zilifika 19. Swali la kutamani kufa nililiuliza wazi, bila kuzunguka, kwa sababu kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Alitazama sakafu muda mrefu. "Siku nyingine, ndiyo." Nikauliza kama amepanga chochote. Hapana. Tulimwita dada yake mkubwa aliyekuwa nje, tukakubaliana, mwenyewe akiwepo, kwamba dawa zitakaa kwa dada huyo na atampa za siku moja moja.

Daktari aliamua tumhamishie kwenye kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa. Ni kazi ya wiki nyingi: hii inapanda kidogo kidogo, ile inashuka kidogo kidogo, kwa sababu ukiikata fenobabitali ghafla kifafa kinaweza kurudi kwa mfululizo na kuua. Akaanzishiwa na fluoksetini, dawa ya sonona. Wenzangu kadhaa bado wanaogopa kwamba dawa za sonona huleta kifafa. Kwa hii, katika kipimo cha kawaida, hatari ni ndogo, na sonona kuachwa bila tiba naiona hatari zaidi. Atarudi baada ya wiki 2, hatungoji mwezi.

Saa 7

Posho, yaani ugali, na maharage, nimesimama.

Saa 8 na nusu

Mama kamleta mtoto wa miaka 9. Shuleni wanasema ni mkorofi, anachapwa kwa kutosikia. Nikakaa naye tukichora. Katikati ya mstari penseli ikasimama, macho yakabaki ukutani, nikahesabu sekunde 8, halafu akaendelea kuchora kana kwamba hakuna kitu. Nikamwonyesha mama yake. Nimeandika barua kwa mwalimu: mtoto akinyamaza hivyo hayuko darasani kwa muda huo, ni kifafa, tafadhali mrudie alichokikosa, usimchape. Kuhusu dawa zake atamwona daktari Jumatatu.

Saa 10

Wa mwisho kaondoka. Nimempigia simu mhudumu wa afya wa kijiji anakoishi fundi wangu, kwa ruhusa yake. Atapita kwake Jumapili.

Saa 2 usiku

Watoto wamelala. Rejista ya kliniki ina safu tatu: kuanguka, dawa, tarehe ya kurudi. Nimechukua rula, naongeza mbili kila ukurasa, "moyo" na "kumbukumbu". Safu ni nyembamba, nitaandika herufi ndogo. Nimefika ukurasa wa 31.