Nilivyoweka tahadhari kwenye seva za Windows bila kununua programu

Kwa ofisi yenye seva chache, Windows Server tayari ina vifaa vya kutosha: Performance Monitor (hupima hali ya mfumo), amri ya logman (hurekodi vipimo na kuweka tahadhari), Task Scheduler (huendesha kazi zilizopangwa) na PowerShell (lugha ya skripti). Kupata vipimo si kazi. Kazi ni kuhakikisha kila ujumbe unaofika kwenye simu una jambo la kufanyiwa, kwa sababu ujumbe wa bure ukizidi, hata ule wa kweli hausomwi.

Nilianza na kumbukumbu ya hali ya kawaida kabla ya kugusa tahadhari. Kwenye faili kaunta.txt niliandika kaunta moja, yaani kipimo kimoja cha mfumo, kila mstari: \Processor(_Total)\% Processor Time, \System\Processor Queue Length, \Memory\Available MBytes, \LogicalDisk(*)\% Free Space, \PhysicalDisk(*)\Avg. Disk sec/Read na mwenzake wa Write. Kisha, kwa haki za msimamizi:

logman create counter Msingi -cf C:\Vipimo\kaunta.txt -si 00:00:15 -f bincirc -max 250 -o C:\Vipimo\msingi
logman start Msingi

Neno bincirc lina maana kubwa hapo: faili ikifika MB 250, vipimo vipya hufuta vya zamani, hivyo kifuatiliaji chenyewe hakiwezi kuijaza diski. Wiki nzima, ikiwa na siku za mishahara au mwisho wa mwezi ndani yake, ndiyo inayoonyesha kipi ni cha kawaida kwa seva hiyo. Faili ikijaa kabla ya wiki kuisha, ongeza -max (ukubwa wa faili) au panua -si (muda kati ya vipimo). Kama Windows ni ya Kifaransa, majina ya kaunta nayo huwa ya Kifaransa; yaorodheshe kwa typeperf -q, usinakili ya mwingine.

Tahadhari ya diski ni hii:

logman create alert DiskiC -th "\LogicalDisk(C:)\% Free Space<15" -si 00:05:00 -el -tn TumaOnyo
logman start DiskiC

TumaOnyo ni jina la kazi ya Task Scheduler inayotuma ujumbe; naieleza hapo chini. Ukiiweka amri hii ndani ya faili la .bat, andika %% badala ya %, la sivyo jina la kaunta litaharibika. Asilimia 15 inafaa diski ya GB 100. Kwa diski ya TB 4 hiyo ni GB 600, onyo la mapema mno, kwa hiyo tumia Free Megabytes. Ujumbe ukija, mahali pa kwanza pa kuangalia kwenye seva ya tovuti ni C:\inetpub\logs\LogFiles, maana IIS, programu ya Windows inayohudumia tovuti, haifuti logi zake za zamani.

Prosesa inahitaji uangalifu zaidi. Tahadhari ya logman huamka kwa sampuli moja tu, na prosesa kufika asilimia 95 kwa sekunde 15 si ugonjwa. Kwa hiyo kazi inayoitwa na tahadhari ya prosesa haitumi ujumbe moja kwa moja. Skripti yake hupima kwanza dakika tano, kwa Get-Counter yenye -SampleInterval 15 -MaxSamples 20, hutafuta wastani, na hutuma tu ukizidi 90. Baada ya kutuma huandika saa kwenye faili dogo na kukaa kimya dakika 60. Kwa RAM, fuata Available MBytes ikishuka chini ya asilimia 10 ya RAM yote. Pages/sec peke yake hudanganya, kwani hata usomaji wa kawaida wa mafaili huipandisha. Kasi ya diski huhesabiwa kwa sekunde: milisekunde 25 ni 0.025, si 25.

Kitendo cha kutuma barua pepe ndani ya Task Scheduler kiliachwa tangu Windows Server 2012, kwa hiyo kazi iendeshe powershell.exe -NoProfile -ExecutionPolicy Bypass -File C:\Vipimo\onyo.ps1, kwa akaunti ya SYSTEM. Mimi hutuma Telegram kwa Invoke-RestMethod. Kwenye seva za zamani lazimisha kwanza TLS 1.2 (itifaki ya kulinda mawasiliano ya mtandao) ndani ya skripti. Weka na njia ya pili. Kenya, Telegram ilizuiwa wakati wa mitihani ya KCSE Novemba 2023.

Seva ikiwashwa upya, Msingi na DiskiC haziamki zenyewe. Tengeneza kazi ya kuanza pamoja na mfumo, icheleweshe dakika mbili, iendeshe logman start kwa kila moja. Hili ndilo huua ufuatiliaji kimyakimya baada ya masasisho. Kaunta zikipotea kabisa, endesha lodctr /R ukiwa System32, kisha winmgmt /resyncperf.

Jaribu kwa diski halisi: fsutil file createnew C:\Vipimo\jaribio.tmp 21474836480 hutengeneza faili la GB 20. Likishusha nafasi chini ya 15, subiri ujumbe, kisha lifute. Na kwa kuwa seva iliyozimika haiwezi kutuma lolote, kompyuta nyingine, yenye UPS yake na njia yake ya intaneti, iendeshe Test-NetConnection kila dakika tano dhidi ya bandari ya huduma yenyewe, 443 au 445. Ping pekee haitoshi: mfumo unaweza kuijibu huku huduma imekufa.